Taarifa ya bwana afya isomwe mbele ya wananchi

Katika watumishi wote wa umma wanaofika vijijini, hakuna anayepokewa kwa mashaka kama bwana afya. Mwalimu akipita huamkiwa. Bwana shamba huitwa aje aone migomba iliyonyauka. Mganga wa zahanati hupishwa njia. Lakini bwana afya akionekana kwa mbali, daftari kwapani, mama lishe hufunika sufuria, mwenye bucha huanza kufukuza nzi, na mwenye nyumba isiyo na choo hukumbuka ghafla kwamba ana safari. Jambo hili tumelizoea mno hata tumelifanya kichekesho. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo limekwisha kuwa jambo la kufa na kupona, na sioni kwa nini tuendelee kulicheka.

Tarehe 20 Januari 2025, mjini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Dk. Tedros Adhanom Ghebreyesus, alilitangazia Taifa kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitika wilayani Biharamulo. Huo ulikuwa mlipuko wa pili mkoani Kagera katika muda usiotimia miaka miwili. Wa kwanza ulitangazwa tarehe 21 Machi 2023 katika Wilaya ya Bukoba, ukashika watu 9 na kuua 6. Huu wa Biharamulo ulishika watu 10, wawili wakithibitishwa na maabara, na wanane wakihesabiwa kutokana na dalili zao na uhusiano wao na wagonjwa. Wote 10 walikufa.

Watumishi wa afya waliopelekwa kuuzima mlipuko ule wanastahili heshima yetu. Watu wapatao 280 waliokuwa wamekaribiana na wagonjwa waliorodheshwa na kuangaliwa kwa siku 21, na tarehe 13 Machi 2025 ikatangazwa kwamba mlipuko umekwisha. Lakini ipo hesabu nyingine. Mgonjwa wa kwanza anayejulikana alianza kuugua tarehe 9 Desemba 2024. Kutoka siku hiyo hadi tangazo la Rais zilipita siku 42. Katika siku za mwisho za muda huo habari zilipishana: Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari tarehe 14 Januari, Wizara ikasema kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi, kisha vipimo vilivyofuata vikaonyesha. Wengi walipoteza muda wao wakibishana kuhusu siku hizo sita. Mimi nazitazama zaidi zile wiki tano za kwanza, ambapo hapakuwa na maabara wala mkutano wa waandishi wa habari. Palikuwa na watu wanaougua homa na kutapika damu, na majirani wanaokwenda kuzika. Siku kama hizo, mtumishi pekee ambaye Serikali imemwajiri ili apite nyumba hadi nyumba, aulize nani anaumwa, nani amekufa na aliuguaje, ni bwana afya. Mganga hukaa kituoni akamngoja mgonjwa. Bwana afya ndiye anayeufuata ugonjwa nyumbani kwake.

Sidai kwamba fulani alizembea Biharamulo. Sina ushahidi wa jambo hilo, na mtu asinitilie maneno kinywani. Ninachouliza ni kama bwana afya wa kata, akisikia jambo la kutisha, anayo nafasi ya kulisema na likasikika. Ili tulijibu swali hilo yatupasa kujua mtumishi huyu alitoka wapi.

Alitoka Uingereza. Sheria ya Afya ya Jamii ya nchi hiyo ya mwaka 1875 ilizilazimisha serikali za mitaa kuwa na daktari wa afya na wakaguzi wa usafi walio chini yake. Lakini sura yao kamili ilionekana katika miaka ya kati ya vita kuu mbili, yaani tangu 1918 hadi 1939. Mambo mawili ya enzi ile yanafaa kuangaliwa kwa makini na kila mtumishi wa Halmashauri.

La kwanza ni taarifa ya mwaka. Kila mwaka daktari wa afya wa mji au wilaya aliandika taarifa, ikachapwa na kuwekwa mbele ya baraza. Humo mlikuwa na vifo vya watoto wachanga, wagonjwa wa kifua kikuu na wa dondakoo, hali ya maji na maziwa, na sehemu ya mkaguzi wa usafi ikiwa imejaa tarakimu: nyumba zilizokaguliwa, kasoro zilizoonekana, ilani zilizotolewa, kasoro zilizorekebishwa, kesi zilizofikishwa mahakamani. Aghalabu kesi zilikuwa chache sana. Mkaguzi alianza kwa ilani ya kawaida, akaeleza kasoro na namna ya kuirekebisha. Asiposikilizwa ndipo alipotoa ilani ya kisheria. Mahakama ilikuwa hatua ya mwisho. Hivyo sifa ya mkaguzi ilitokana na idadi ya mabomba yaliyozibuliwa na paa zilizoacha kuvuja, na faini haikuhesabiwa kuwa mavuno.

La pili ni ulinzi wa mtumishi. Madiwani wengi wa Kiingereza walikuwa wenye maduka na wenye nyumba za kupangisha, na baadhi ya nyumba hizo ndizo zilizokuwa mbovu kupita zote. Mkaguzi aliyeandika ukweli alikuwa anaandika habari za mwajiri wake. Ndiyo sababu Bunge lao lilipitisha sheria mwaka 1921 iliyowalinda madaktari wa afya na wakaguzi wa usafi, ikaweka sharti kwamba baraza haliwezi kuwafukuza kazi bila idhini ya Waziri wa Afya. Sheria hiyo haikuwafanya wakaguzi kuwa malaika, ila iliwawezesha kusema kweli na kubaki na mshahara.

Matokeo yake yanaonekana. Mwaka 1920, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai katika England na Wales, wapatao 80 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Mwaka 1938 walikufa 53. Ni kosa kuwapa wakaguzi sifa yote, kwa maana chakula, mishahara, nyumba mpya na elimu ya akina mama vilifanya kazi kubwa. Wala nchi ile haikuwa pepo. Vifo vya akina mama wakati wa uzazi vilibaki kwenye 4 hivi kwa kila vizazi 1,000 hadi katikati ya miaka ya 1930, na miji ya viwanda ya kaskazini ilijaa vibanda ambavyo mabaraza yalivijua na kuvifumbia macho. Lakini yote haya tunayajua leo kwa sababu wao wenyewe waliyaandika na kuyachapa, hata aibu yao.

Sasa tuangalie ni kitu gani katika mambo hayo kilicholetwa Tanganyika miaka ile ile. Kililetwa cheo na kikaletwa kitabu cha faini. Kanuni za miji zikapangwa hasa kwa ajili ya kukilinda kitongoji cha Wazungu dhidi ya mbu na uchafu wa vitongoji vingine. Taarifa ya mwaka ya Idara ya Tiba nayo ilikuwapo. Ilichapwa Dar es Salaam na kupelekwa London. Mwananchi ambaye taarifa hiyo ilimhusu hakusomewa hata ukurasa mmoja.

Biharamulo inayo kumbukumbu yake ya utaratibu huo. Ugonjwa wa malale ulipoenea katika mbuga za mbung'o magharibi na kusini mwa Ziwa Nyanza, Serikali ya kikoloni iliamuru watu waliotawanyika porini wakusanywe katika makazi maalumu, wafyeke vichaka na kukaa karibu karibu. Katika miaka ya 1930 wilaya hii ilikuwa miongoni mwa zilizohamishwa hivyo. Kitaalamu hoja ilikuwa nzuri, kwani mbung'o hapendi mahali palipofyekwa na penye watu wengi, na ugonjwa ulipungua. Lakini watu waliacha mashamba na makaburi ya wazee wao kwa amri, na nchi waliyoiacha ikarudi kuwa pori. Sehemu kubwa ya upande ule leo ni hifadhi ya wanyama. Mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mtu aliyehamishwa kwa ajili ya afya yake bila kuulizwa huwafundisha wajukuu wake kumkimbia mtu wa afya. Uso wa mashaka niliousema hapo mwanzo una asili yake.

Baada ya Uhuru, Chama kilijaribu kuugeuza mwelekeo huo, na mwaka 1973 kilifanya jambo ambalo wageni walikuja kujifunza. Kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima pamoja na Redio Tanzania, iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kujisomea, chini ya viongozi wa vikundi wapatao 75,000. Kwa muda wa majuma 12 walisikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana kuhusu malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu, kisha wakakata shauri la kufanya kazi. Walimu wengi walioongoza vikundi hivyo sasa ni wastaafu. Waulizeni. Vyoo vilivyochimbwa mwaka ule vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu, na mwenye kuchimba alijua anachimba kwa ajili ya nini.

Hata hivyo choo cha shimo hujaa. Kampeni ikaisha, redio ikaendelea na vipindi vingine, na aliyetakiwa kupita miaka mitatu baadaye kuuliza habari za shimo la pili alikuwa bwana afya. Wakati huo huo tulikuwa tumemwondolea makao. Mwaka 1972, kwa nia njema ya kupeleka madaraka mikoani, tulizivunja serikali za mitaa. Katika miji takataka zikalundikana, mifereji ya majitaka ikaziba, na kipindupindu kikazuka. Mwaka 1977 kikaanzia Rufiji na kuenea nchini. Mwaka 1978 Serikali ikarudisha mabaraza ya miji, na kuzorota kwa usafi kulikuwa miongoni mwa sababu. Halmashauri za wilaya zilifuata kwa sheria ya mwaka 1982, zikaanza kazi mwaka 1984. Nayataja haya kwa sababu wapo wenzetu katika Chama wanaodhani kwamba ukaguzi wa usafi ni urasimu unaoweza kufidiwa kwa hamasa na wiki ya usafi. Tulijaribu, na tulilipa.

Wakaazi wa Ngara waliona kwa macho yao kazi ya ukaguzi inavyokuwa ikifanywa kwa bidii. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda, na Benaco ukawa mji mkubwa kuliko karibu miji yote ya Tanzania, usio na bomba wala choo kimoja. Kila mtu aliyejua mambo ya afya alitazamia maafa. Ugonjwa wa kuhara damu uliingia na ukaua. Lakini maji ya bwawa yalisafishwa kabla ya kugawiwa, sehemu za kujisaidia zikatengwa mapema, vyoo vikachimbwa, na watu waliochaguliwa miongoni mwa wakimbizi wenyewe wakapewa kazi ya kupita hema kwa hema wakiuliza nani anaharisha na nani amefariki usiku. Miezi mitatu baadaye, Julai 1994, mkondo mwingine wa wakimbizi uliingia Goma, nchini Zaire kama ilivyoitwa wakati huo. Katika mwezi wa kwanza walikufa huko watu wapatao 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara.

Kulinganisha Benaco na Goma kunataka uangalifu. Goma walikuwa wengi zaidi, na ardhi yake ni mwamba wa volkano usiochimbika, wakati udongo wa Ngara unakubali jembe. Lakini hata udongo mzuri hauchimbi shimo peke yake. Mtu alipita, akahesabu, akaenda kusema, na aliyeambiwa akachukua hatua siku hiyo hiyo. Wazee wa vijiji jirani, waliopoteza misitu yao kwa kuni za kambi, waliuliza mara nyingi kwa nini mgeni alipata mtu wa kumuuliza habari za tumbo lake kila asubuhi, na mwenyeji hana. Naona swali lao lilikuwa la haki.

Leo Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya uwezo wa kuingia, kukagua, kutoa ilani na kushitaki. Kwenye karatasi hana upungufu mkubwa. Upungufu huanzia kwenye simu. Bwana afya hutoa ilani kwa mwenye machinjio machafu, au kwa mwenye nyumba ya kulala wageni ambayo majitaka yake yanatiririka barabarani. Kabla hajafika ofisini simu inalia, na sauti ya upande wa pili inamwuliza kama anamjua huyo aliyempa ilani. Ilani inalala. Akiwa mkaidi anahamishwa, na uhamisho huo unaitwa mahitaji ya kikazi. Mahali palipobaki wazi kwake ni kwa mjane mwenye choo kilichobomoka na kwa mama muuza uji, ambao hawana namba ya mtu wa kumpigia. Huko faini hukusanywa bila taabu, hujumlishwa kwenye mapato, na kazi inaonekana imefanyika.

Aibu ni kubwa zaidi pale ambapo mpiga simu ni kiongozi wa Chama. Mwanachama aliyeapa kupiga vita ujinga, maradhi na umaskini, kisha akamkingia kifua mwenye bucha chafu kwa kuwa walichanga pamoja wakati wa kampeni, amejiunga na maradhi. Vikao vya maadili vinavyowashughulikia wanaotoa rushwa viangalie na simu hizi.

Dawa ninayoipendekeza haihitaji fedha za kigeni. Kila baada ya miezi mitatu sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane. Katika kila mkutano taarifa ya bwana afya au bibi afya isomwe kwa sauti: kaya ngapi zimetembelewa, ngapi zina choo kinachotumika, visima vingapi vimepimwa maji, ilani ngapi zilitolewa, zipi zilitekelezwa, zipi hazikutekelezwa na kwa nini. Vifo vya mfululizo katika nyumba moja au kitongoji kimoja visingoje mkutano. Viandikwe na kupelekwa siku ile ile kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, nakala ikibaki kijijini. Madiwani wapokee jumla ya taarifa hizo katika kikao chao na zibandikwe kwenye mbao za matangazo. Mwenye kupiga simu atasita akijua kwamba ilani aliyoizima itasomwa mbele ya watu 300. Na bwana afya anayekaa kivulini mwezi mzima naye atajulikana, maana taarifa haitamwonea haya.

Sambamba na hilo, uhamisho wa afisa afya aliyetoa ilani isiyotekelezwa usifanyike bila sababu ya maandishi kupelekwa ngazi ya juu ya Halmashauri. Waingereza walilitambua jambo hilo mwaka 1921, na halikuwavunjia serikali za mitaa.

Biharamulo inayo sababu yake ya ziada. Virusi vya Marburg huishi ndani ya popo wala matunda, ambao hukaa mapangoni na katika mashimo ya migodi, na wilaya ile ina wachimbaji wadogo wa dhahabu. Hakuna daktari anayeweza kukaa kwenye mdomo wa kila shimo. Bwana afya anayefahamika na wachimbaji, ambaye hawamkimbii wakimwona kwa kuwa hakuja kutafuta faini, ataambiwa habari za homa ya ajabu mapema. Ngara nayo ina Rusumo upande wa Rwanda na Kabanga upande wa Burundi; kinachopita mpakani bila kuonekana kitalala usiku wake wa kwanza katika nyumba ya mtu.

Nimebakiza neno kwa walimu, ambao mara nyingi ndio makatibu wa mikutano hii hata kama hawana cheo hicho. Mwongozo wa Taifa unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la nne anaiweza. Wanafunzi wahesabu matundu ya shule yao, wagawanye, waandike jibu kwenye karatasi kubwa, na karatasi hiyo isomwe na bwana afya katika mkutano wa kijiji, mwenyekiti, diwani na mzazi mwenye lori la mchanga wote wakiwa wamekaa wanasikiliza.